Mdogo aanze kusema: niliyojifunza kwa kuongoza wodi ya wazazi

Mei Mosi mwaka huu mhudumu wa wodi yetu ya wazazi alipanda jukwaani kuchukua cheti cha mfanyakazi bora wa idara. Hakuwa daktari wala muuguzi. Ni mhudumu, yule anayepiga deki, anayebadilisha mashuka na kupeleka sampuli maabara. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Tangu niweke picha yake mtandaoni jumbe haziishi, na mmoja wenu, kijana aliyepewa kuongoza kitengo cha wahasibu, ameniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nina watu sita chini yangu, karibu wote wamenizidi umri. Kwenye kikao nikiomba maoni wananyamaza, wakitoka nje wanasema. Wewe uliwezaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wengine wasome, maana najua wengi mnaonisoma mnataka kupanda. Mnataka siku moja kuitwa mkuu wa kitengo, meneja, mfawidhi. Ni haki yenu kutaka, na mimi nilitaka hivyo hivyo.

Kwanza nikueleze kwa nini mhudumu yule alipewa cheti. Ilikuwa asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu. Wauguzi wa usiku wamechoka, wa asubuhi ndio kwanza wanaingia, daktari wa zamu yuko kwenye raundi na mafaili yake. Saa hiyo wodi ina watu wengi kuliko saa nyingine yoyote, na ndiyo saa jambo linapopotea kirahisi, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake ameliona. Mama wa kitanda cha tano alikuwa amejifungua alfajiri. Amejifunika kanga, ametulia, kila anayepita anadhani amelala. Mhudumu alipoinama kupiga deki chini ya kitanda akaona damu inadondoka kutoka kwenye godoro. Akasimama, akasema kwa sauti mbele ya daktari na sisi sote: "Sista, kitanda cha tano, damu inadondoka chini, na mama haitikii nikimwita."

Nikarudia maneno yake: "Kitanda cha tano, damu, haitikii. Nimesikia." Mji wa mimba ulikuwa umelegea. Mmoja akaanza kuusugua, mwingine akatundika dripu, wa tatu akachoma oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, mhudumu mwenyewe akakimbia maabara na sampuli ili damu ya kuongezewa iandaliwe. Katika kazi yetu, mama akipoteza nusu lita ya damu baada ya kujifungua tunahesabu kwamba ameingia hatarini, na nusu lita hutoka haraka kuliko mtu wa nje anavyoweza kudhani. Mama yule alirudi nyumbani kwa miguu yake, mtoto mgongoni kwa bibi yake.

Wodi nyingi nilizopita, mhudumu hathubutu kumkatiza daktari. Angeona damu, angeenda kumtafuta muuguzi mmoja amnong'oneze, muuguzi naye angesubiri daktari amalize kuongea. Dakika zingeenda. Huyu wetu alisema papo hapo kwa sababu alikuwa amezoea kusikilizwa, na mazoea hayo tumeyajenga kwa makusudi, siku baada ya siku.

Niliyajenga kwa sababu mimi mwenyewe nilinyamazishwa. Nikiwa muuguzi mpya, katika hospitali nyingine ambayo sitaitaja, nilimpima mama mmoja mjamzito presha nikapata 160 kwa 110. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Kila muuguzi anajua presha hiyo kwa mjamzito maana yake nini, kwamba kifafa cha mimba kinaweza kumshika wakati wowote. Raundi ilipofika kitandani kwake wakaongea mambo mengine, nikasema: "Daktari, presha yake imepanda sana." Inchaji wangu, yaani muuguzi mkuu wa wodi, akanigeukia mbele ya akina mama wote: "Wewe umekuja juzi tu, nani kakuuliza? Daktari hana macho?" Daktari akainamia faili. Raundi ikasogea kitanda kinachofuata.

Jioni yule mama alishikwa na kifafa. Alipona. Mtoto hatukumpata. Kesho yake kwenye ripoti ya asubuhi inchaji aliuliza nani alipima presha, na chumba kizima kikanyamaza, mimi nikiwemo, ilhali kitabu kilikuwa mezani na mwandiko wangu: 160 kwa 110, saa nne asubuhi. Miaka imepita. Nikikutana na inchaji yule namwamkia kwa heshima zote, ila kifua kinabana.

Baada ya siku ile nilifanya kazi pale kama bubu. Napima, naandika, nanyamaza. Wenzangu nao hivyo hivyo. Wakubwa walipokuja kukagua waliisifu wodi kwamba ina nidhamu sana, watu wametulia, hakuna kelele. Wewe mwenye watu sita wanaonyamaza kikaoni, hapo pasome mara mbili.

Miaka ya katikati naiacha, ni ya masomo na uhamisho tu. Nilipokabidhiwa wodi mimi niliweka utaratibu mmoja ambao wengine waliuona wa ajabu: kwenye ripoti ya asubuhi mdogo anaanza kusema. Anaanza mhudumu, wanafuata wanafunzi wa uuguzi, halafu wauguzi wapya, halafu wakongwe, mimi wa mwisho. Sababu iko wazi. Mkubwa akishatamka kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili anaendelea vizuri, ni nani wa chini yake atakayesema hapana? Kwa malezi yetu kumpinga mkubwa hadharani ni utovu wa adabu. Basi usimlazimishe mtu akupinge. Mpe nafasi aseme kabla hujasema wewe.

Mwanzoni walikuwa wanajibu, "Mimi sina la kusema, sista." Nikabadilisha swali. Niliacha kuuliza "Kuna mwenye maoni?" kwa sababu swali hilo kila mtu analijibu kwa kutazama sakafu. Nikaanza kumwuliza kila mmoja kwa jina: "Leo ni mgonjwa gani anakutia wasiwasi?" Swali hili lina jibu. Mhudumu anasema kitanda cha saba hajala tangu jana, chakula anakirudisha vilevile. Mwanafunzi anasema kuna mtoto hanyonyi vizuri. Vitu hivyo faili halina. Kwako wewe mhasibu, uliza: "Ni hesabu gani mwezi huu inakutia wasiwasi?" Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa maneno yako, hata kama unakuuma.

Na anayesema akishasema, mrudishie maneno yake. "Umesema kitanda cha saba hajala tangu jana. Sawa, Sista fulani atamwangalia sasa hivi, atanipa majibu kabla ya saa nne." Mtu akisikia maneno yake yamerudi na yamepewa mwenyewe wa kuyashughulikia, kesho ataleta mengine. Akiona yameishia hewani, hataleta tena. Na agizo nalo ni hivyo hivyo. Ukisema "mtu mmoja alete damu," watu wanne watasimama na hakuna atakayekwenda. Taja jina, sema jambo, subiri alirudie.

Msije mkadhani haya ni mambo ya sista mmoja na wodi yake. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, na kabla haijasambazwa ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto, New Delhi, na palikuwa na Ifakara yetu, Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: ukizijumlisha hospitali zote nane, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Vipengele vingine ni vya dawa na vifaa, kweli. Lakini kimojawapo kinadai kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Mtu aliyekwisha kufungua kinywa mara moja mbele ya daktari bingwa, kufungua mara ya pili si mlima tena. Nilipoyasoma haya nilijisikia fahari, maana Ifakara ilikuwa imeshaonja kitu ambacho mimi nilinyimwa kwa kukemewa.

Sasa, wewe ukiwa chini, unamwambiaje mkubwa jambo zito? Hili nalifundisha kwa simu ya usiku. Muuguzi mpya humpigia daktari saa nane za usiku akasema, "Daktari, samahani kukusumbua, kuna mama hapa hayuko sawa sawa." Daktari yuko usingizini, atasema mwangalieni kwanza. Namfundisha aseme mambo manne kwa mfuatano: kinachotokea sasa, historia fupi, yeye anaonaje, na anaomba nini. "Daktari, ni wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha tatu presha 170 kwa 115, kichwa kinauma, anaona ukungu. Ni mimba ya kwanza, wiki ya 38, alilazwa jioni. Naona anaelekea kifafa cha mimba. Magnesiamu naiandaa, naomba uje sasa." Magnesiamu ndiyo dawa ya kuzuia kifafa hicho. Sentensi chache tu, na hakuna daktari atakayegeukia upande wa pili alale. Wengi wetu tunaishia kwenye historia. Tunaogopa kusema tunavyoona, na zaidi ya hapo tunaogopa kuomba. Sema unavyoona. Omba unachotaka.

Kukemea nako. Mimi sikatai kukemea, kazi yetu ina roho za watu. Ila nakemea ofisini, mlango umefungwa, tukiwa wawili. Mbele ya wagonjwa sikemei, na kwenye grupu la WhatsApp la wodi ndiyo kabisa. Siku hizi viongozi wengi wamehamishia ukali wao humo. Mtu amechelewa zamu, bosi anamwandikia mbele ya watu arobaini, tena usiku, na kidole kile cha kukubali kinabandikwa na wenzake waliokuwa wanacheka naye mchana. Huyo kesho atafika kwa wakati, sawa. Lakini atakachokiona kimeharibika hatakuambia. Ukimaliza kumfokea mtu hadharani umewanyamazisha na wale waliokuwa wanasikiliza, na hao ndio wengi.

Na msisubiri fomu. Utumishi wetu wa umma ulikuwa na OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi, tangu mwaka 2004, sasa tuna PEPMIS iliyochukua nafasi yake, na bado kuna wakuu ambao mara pekee wanayozungumza na mtu wao juu ya kazi yake ni wakati wa kujaza alama. Huwezi kumpima mtu ambaye hujawahi kuongea naye. Ongea naye akiwa kazini. Ongea naye akifanya vizuri, tena kwa sauti, wengine wasikie. Ndugu zangu, cheo mlichopewa hamkupewa ili muogopwe. Mkiogopwa mtapata kazi inayofanywa mkiwepo tu, mkitoka kwenda kikaoni inalala.

Umeniuliza habari ya waliokuzidi umri. Nami nilikuwa na mkunga mmoja aliyezalisha watoto tangu sijaanza shule. Utaratibu wa mdogo kuanza ulimuudhi, akaniambia wazi kwamba nawapa vichwa watoto. Sikubishana naye kikaoni. Nilimfuata mchana, nikamwamkia, nikakaa, nikamwomba anieleze mambo ambayo yeye akiwa mpya aliyaona na hakuyasema. Alikaa kimya, kisha akanisimulia mawili, na la pili alilisimulia machozi yanamtoka. Sikumwambia neno zaidi. Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja alikuwa anasitasita kwenye ripoti, na yule mama ndiye aliyemwambia, "Sema mwanangu, tunakusikiliza." Sasa wakunga wapya wote nawapeleka kwake kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kikao chako kijacho, mtafute yule mkubwa kuliko wote katika hao sita. Mwamkie, kaa, muulize yeye aliyanyamazia nini. Yake ukishayasikia, ndipo uitishe kikao.