Swali la Lugha: Haramia na mwizi wa baharini ni kitu kimoja?

SWALI: Taarifa nyingi huandika "uharamia na wizi wa kutumia silaha baharini". Kwa nini yatajwe yote mawili? Haramia si ndiye huyo huyo mwizi wa baharini?

JIBU: Katika Kiswahili cha kila siku, ndiye. Haramia ni mnyang'anyi, wa baharini hata wa nchi kavu, na hakuna aliyempimia maili. Aliyempimia ni sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unahesabu kuwa uharamia ule uvamizi unaofanywa kwa manufaa binafsi, watu wa chombo kimoja wakishambulia chombo kingine, mahali pasipo mamlaka ya nchi yoyote. Tendo hilo hilo likifanyika ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani, ni wizi wa kutumia silaha, na anayeshughulika nao ni mwenye maji yale.

Tofauti hii si ndogo. Tangu Cicero wa Roma, wanafikra wa siasa wamemhesabu haramia kuwa adui wa watu wote. Ndiyo maana manowari ya nchi yoyote inaweza kumkamata bahari kuu, na mahakama za nchi hiyo zikamhukumu. Mwizi aliye ndani ya maji ya nchi hafuatwi hivyo. Kumwingilia humo ni kuvunja mamlaka ya mwenye nchi.

Somalia ilionyesha pengo hilo waziwazi. Maharamia waliteka meli nje, wakazikimbiza kwenye maji ambayo serikali yake haikuwa na uwezo wa kuyalinda na manowari za kigeni hazikuwa na ruhusa ya kuyaingia. Juni 2008, Azimio 1816 la Baraza la Usalama liliziruhusu nchi zinazoshirikiana na serikali ya mpito kuingia, nalo lilitaja makosa yote mawili. Lingetaja uharamia tu, uvamizi uliofanyika ndani ya maji hayo ungebaki nje ya maneno yake.

Hata Mombasa mpaka huu ulizua kesi: mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba Kenya haina mamlaka juu ya washukiwa waliokamatwa nje ya maji yake. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2012.

Kwa hiyo, ukisimulia, "maharamia" latosha. Ukiandika habari ya mahakamani, uliza kwanza tukio lilitokea wapi. Na tafadhali, andika "ushirikiano dhidi ya uharamia". "Ushirikiano wa uharamia", ninaoukuta mara kwa mara, maana yake nchi zimeungana kupora meli.