Nimfuate mume wangu Ugiriki na watoto?

SWALI: Shikamoo mama. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine minne. Naishi Ipagala hapa Dodoma na nina duka la nafaka soko la Majengo. Mume wangu amepata mkataba wa utafiti Chuo Kikuu cha Ioannina, Ugiriki, na anataka twende wote. Ndugu wananikatisha tamaa. Wanasema ingekuwa Athens sawa, lakini mji mdogo hautakuwa na Mtanzania wa kuzungumza naye, na baridi itawaumiza watoto. Niende, au nibaki na biashara yangu?
Mama wawili, Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu, mbukwa. Nenda. Tena shukuru kwamba ni Ioannina na si Athens. Niliishi mji huo na wanangu enzi mume wangu akisoma pale, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona.

Ndugu zako wakisikia mji mdogo wanafikiria kijiji. Ioannina ndiyo makao makuu ya jimbo la Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, mji wa ziwa na milima, una chuo kikuu kilichoanza mwaka 1964 na hospitali kubwa ya chuo. Reli haifiki, utapanda basi. Lakini ndani ya mji, sokoni, shuleni na ziwani mnakwenda kwa miguu.

Athens mama mgeni anaweza kumaliza mwaka bila jirani wa mlango wa pili kumjua jina. Ioannina, wiki haiishi muuza mkate atakuwa ameshajua una watoto wangapi, mnalipa kodi ya nyumba kiasi gani na mume wako anafanya nini, kwa sababu atakuuliza waziwazi. Usinune. Jibu, na wewe muulize ya kwake. Kule anayejulikana ndiye anayesaidiwa.

Nikupe mfano. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini alimshika binti yangu shavu kwenye ngazi, akamsifu weee, halafu akamtemea: ftu, ftu, ftu. Mate hayakutoka, ni hewa tu, lakini mama gani atasimama aangalie? Nikamvuta mwanangu. Jirani mwingine akanieleza kwamba ni kinga ya kijicho: ukimsifu mtoto, unamtemea hivyo ili sifa isimdhuru. Sisi tuliolelewa na mabibi waliokataza kichanga kusifiwa ovyo hatuhitaji maelezo marefu. Bibi yule ndiye aliyenionyesha gulio la kila wiki, akanifundisha kusoma karatasi ya mlangoni inayoonyesha duka la dawa lililo zamu, na mwenye nyumba alipotaka kutupandishia kodi kabla ya wakati, alisimama kwenye ngazi zilezile akamkemea mpaka akarudi alikotoka. Athens nisingempata.

Sitakuficha, wapo wasiotaka mpangaji mweusi. Kwenye simu nyumba ipo, ukifika mlangoni imeshachukuliwa. Inauma, na watoto wanaona. Dawa yake ni kutotafuta nyumba kwa matangazo. Mumeo atangulie, aulize kwa mtu: karani wa idara yake, mtafiti mwenzake, mwenye mgahawa anapokunywa kahawa. Ukiletwa na mtu, mlango unafunguka.

Na akikagua nyumba, jambo la kwanza si vyumba ni vingapi, ni inapashwaje joto. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Sisi Juni na Julai tunavaa sweta usiku tukasema Dodoma ina baridi. Kule Januari ndoo ya maji ukiiacha kibarazani asubuhi unakuta barafu, na mvua ya Epirus inanyesha siku kwa siku. Majengo mengi ya ghorofa yana boila moja ya mafuta ya wapangaji wote. Inawashwa kwa saa zilizopangwa, na gharama inagawanywa na kudaiwa juu ya kodi, pamoja na umeme wa ngazi na lifti. Mafuta hayo huuzwa kuanzia 15 Oktoba hadi 30 Aprili. Wakazi wakishindwa kuchanga, boila haliwashwi, na wewe uliyelipa unalala kwenye baridi na wenzako. Kwa hiyo mumeo aulize wapangaji wenyewe kama msimu uliopita liliwaka. Apapase na ukuta nyuma ya kabati. Ukiwa na unyevu au ukungu mweusi, aondoke. Kifua cha mtoto kinaharibiwa na nyumba mbichi kuliko baridi ya nje.

Karatasi zisikutishe. Mtafiti mwenye mkataba anaruhusiwa kuandamana na familia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, Mtumba, ukiwa bado hapa, maana ubalozi wetu unaohudumia Ugiriki uko Roma. Beba kadi za chanjo. Mkifika, mtahitaji namba ya mlipakodi, AFM, na ya hifadhi ya jamii, AMKA.

Shule ya serikali ni bure na wageni wanapokelewa. Hata huyo wa miaka minne, chekechea kwake ni lazima. Zinafunguliwa Septemba, fikeni mwisho wa Agosti. Msifike katikati yake: tarehe 15 ni sikukuu ya Bikira Maria na wenye ofisi wako vijijini kwao.

Watoto wazoeshe mapema kwamba mchana kuna saa za kimya. Majira ya joto saa hizo ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Mpira sakafuni saa hizo ni ugomvi na ghorofa nzima.

Chakula usihofu. Bamia zipo, na mchicha unauzwa gulioni majira ya joto. Unga wa mahindi upo, wa njano. Mzee akikuonea huruma ukiununua, ujue mkate wa mahindi kwao ni kumbukumbu ya njaa ya miaka ya 1941 hadi 1944, nchi yao ilipokaliwa kivita. Nyama na maziwa usibebe, ni marufuku kuingiza Umoja wa Ulaya.

Duka usiuze. Mkabidhi ndugu unayemwamini, muandikishane, akutumie hesabu kila mwezi. Mkataba wa utafiti una mwisho, na Majengo nafasi ikishachukuliwa hairudi.

Na mama yako mzazi mweleze saa. Tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa zao na zetu ni moja. Miezi mingine wao wako nyuma saa moja. Kama ni wa kuamka saa kumi alfajiri, basi akipiga Januari kwenu itakuwa saa tisa usiku, na simu yenyewe utaipokea ukidhani kuna msiba.