Bwana yuko Kasapa, wewe uko Kolwezi: namna ya kuwasiliana naye

Mama, umeuliza utapataje habari za baba watoto tangu alipopelekwa gereza la Kasapa, Lubumbashi, na wewe uko Kolwezi na watoto. Mimi nilimfuatilia mdogo wangu katika gereza jingine la huku kwetu Katanga, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Simu iache. Ndani imekatazwa, na ikikamatwa anayeumia ni yeye. Tena namba usiyoijua ikikupigia, "shemeji, bwana yako mgonjwa, tuma pesa haraka", usitume. Uliza kitu anachokijua bwana wako peke yake. Mimi niliuliza jina la mbwa wetu wa zamani. Simu ikakatwa palepale.

Tafuta mtu mmoja wa Lubumbashi na siku moja isiyobadilika. Awe shemeji, binamu au mama wa kanisani, mradi aende siku ileile kila wiki, hata akiwa na sabuni tu mkononi. Mtu akijua Jumatano ni siku yake, anaishi akiingojea. Anayeletewa mzigo mkubwa leo, halafu kimya mwezi mzima, huyo ndiye mawazo humla. Na mpe huyo mjumbe jina lote kama lilivyo kwenye faili: jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (kama Jean au Marie). Kwenye grefe, ofisi ya kumbukumbu za wafungwa, wanaangalia daftari, na jina la nyumbani halimo. La mdogo wangu lilikosewa herufi moja tu, tukaambiwa hayupo.

Chakula: bukari (ugali) iliyopikwa inafika imekauka. Kama wanaruhusiwa kupika, peleka unga, dagaa kavu, mafuta na chumvi. Mjumbe akiambiwa aonje mlangoni, aonje bila kununa.

Barua usiifunge, maana itasomwa. Habari za kesi usiweke hata mstari. Hizo ni za avoka, yaani wakili, na usipokuwa na pesa, baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure. Wewe andika ya nyumbani: nani kang'oka jino, jirani gani kahama. Mimi nilimtumia mdogo wangu kopi ya buletini, ripoti ya shule, ya binti yake. Jibu lilikuja limeandikwa upande wa ndani wa boksi la sabuni, herufi zimebanana: kwa nini hesabu zimeshuka, na mwalimu wa mwaka huu ni nani? Kesi hakuigusa kabisa. Alikuwa baba anayegomba, na mimi nilifurahi kuliko siku zote.

Kama hajahukumiwa bado, avoka amuulize majistra anayeshika faili kama kuna kizuizi cha kutembelewa, akupe na tarehe ya kupelekwa tribinali, yaani mahakamani. Siku hiyo hata wewe wa Kolwezi unaweza kupanda basi ukamwona kwa macho, japo kwa mbali.

Na kama Lubumbashi huna mtu kabisa, anzia parokiani kwako hukohuko. Padri wako anaweza kumtafuta mwenzake anayehudumia magereza.