Fundi friji, rudi ukaguse terminali

Mwaka wangu wa pili kwenye ufundi niliunguza kompresa ya mama mmoja muuza samaki pale Feri. Gesi ilikuwa sawa, kompresa mpya. Kilichoniponza ni skrubu moja ya terminali, yaani pale waya unapofungwa, niliyoikaza nusunusu, maana samaki walikuwa juani na kila dakika nasikia, “Mwanangu, bado tu?” Waya ukalegea, ukapata moto, plastiki ikayeyuka ikawa kama kashata iliyoungua. Deni nililipa miezi minne.

Baadaye nikasoma habari za CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Wana mtambo wa kukimbiza chembe ndogo kuliko atomu, unaitwa LHC, duara la kilomita 27 chini ya ardhi. Sumaku zake kubwa ni 1,232, kila moja tani 35 hivi, zinapozwa kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika mpaka nyuzi -271.3. Kwa baridi hiyo nyaya zake za niobiamu na titaniamu hupitisha umeme bila ukinzani, kwa hiyo hazipati joto. Friji gani hilo!

Basi tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa tu tangu chembe zizunguke kwa mara ya kwanza, jointi moja kati ya sumaku mbili ikaleta ukinzani. Mdogo sana, ila umeme uliokuwa unapita ni kama ampea 8,700. Jointi ikaungua, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani kadhaa zikamwagika na kufumka kuwa gesi. Sumaku zikasukumwa zikang'oka kwenye misingi yake. 53 zikabidi zitolewe. Mtambo ukalala zaidi ya mwaka. Baadaye, walipousimamisha tena kwa matengenezo marefu, waliimarisha jointi zaidi ya 10,000.

Kwa hiyo mdogo wangu, umeme ukizidi mara mbili, joto la jointi linazidi mara nne. Kaza, washa, acha kompresa ifanye kazi nusu saa. Zima, kata umeme kwenye meni, pima uhakikishe haupo, ndipo uguse kila terminali kwa kidole. Ikiwa moja ina joto kuliko wenzake, fungua, safisha, kaza upya. Halafu rudi baada ya wiki, kwa sababu mtetemo unalegeza skrubu. Nauli ya kurudi iweke kwenye bei tangu mwanzo. Mteja akikataa, mwonyeshe picha ya terminali iliyoungua. Mimi yangu ninayo kwenye simu mpaka leo.