Mbwa mkali akipoa ghafla

Swali: Shikamoo daktari. Niko Igombe, Mwanza. Mbwa wangu wa ulinzi ni mkali sana, ila tangu juzi kapoa, anajificha chini ya mtumbwi mbovu, taya limelegea na mate yanachuruzika. Jirani anasema mfupa wa mapanki (mabaki ya sangara waliotolewa minofu) umemkwama. Nimeingiza mkono, sijauona. Kijana anayeuza dawa za mifugo anataka kumchoma sindano. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba. Mbwa tutamrudia, mkono wako ndio unaonitisha. Uoshe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha uende hospitali leo hii wakupime na kukuanzishia chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone kama atakufa. Mchubuko mdogo usiouona unatosha kupitisha virusi vya kichaa vilivyo kwenye mate.

Huo mfupa nimeusikia mara nyingi mno. Huku ziwani mbwa wanakula mapanki, basi mate yakichuruzika tu, mshitakiwa ni mfupa. Aliyekwamwa kweli mara nyingi huhangaika, akijikwangua mdomo kwa miguu ya mbele. Huyu kalegea, na virusi vikipooza taya na koo, hata mate yake mwenyewe hayamezeki. Ila kupambanua hayo si kazi ya kufanyia nyumbani.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba mbwa mwenye kichaa lazima akimbie barabarani aking'ata kila anayemkuta. Huyo kila mtu anamkimbia. Kwa maoni yangu anayepooza ndiye hatari, maana watu humwonea huruma, wakamfungua mdomo. Mkali akipoa, mpole akiwa mkali, sauti ikikwaruza, akatafuna vijiti na udongo: tabia iliyogeuka ghafla ni dalili kama homa ilivyo dalili. Hata ng'ombe. Anayelia mfululizo kwa sauti iliyokauka huku anadondosha mate, watu humnywesha dawa kwa chupa, mkono mzima ukiwa kinywani.

Sindano? Hakuna inayotibu kichaa. Dalili zikishatoka, mnyama hufa ndani ya siku chache, na antibaotiki haiui virusi. Wenye mabomba ya sindano mfukoni wanalijua hilo au hawalijui, hela wanachukua. Na wale wa kubandika jiwe jeusi kwenye jeraha, hao hata sitaki kuwaanza.

Mzuie mbwa hapo alipo bila kumgusa, umwite afisa mifugo wa kata. Akifa, usimtupe ziwani. Afisa ndiye ataamua kuhusu vipimo. Mate huweza kubeba virusi siku kadhaa kabla ya dalili, kwa hiyo watoto waliocheza naye wiki hizi mbili nenda nao hospitali. Na huyo kijana, kama alishamshika, mchukue naye.