Kwa ndugu wa Kadutu mwenye mama anayeumwa mawe ya nyongo

Ndugu wa Kadutu, umeuliza kama umpeleke mama Kigali akafanyiwe selioskopi, ile operesheni ya kamera ambayo wenzetu wa Dar na Nairobi huiita laparoskopi, au umwachie daktari wa hapa Bukavu ampasue kwa mkono. Hela inatosha njia moja tu, na shemeji zako wanasema kukatwa tumbo ni mambo ya zamani. Mimi nilitolewa mfuko wa nyongo hapahapa mjini, bila kamera, kwa mkato wa kama sentimita sita chini ya mbavu za kulia. Nakujibu kama mtu aliyelala kwenye kitanda hicho.

Kwanza hakikisheni ugonjwa. Miaka miwili nilimeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Nikila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga au sombe yenye mawese mengi jioni, usiku maumivu yananishika juu ya tumbo, yanakwenda kulia, yanatokea mgongoni chini ya bega. Yanakaa saa mbili tatu, halafu yanaachia. Kituo cha kwanza wakasema ni gastriti, yaani uvimbe wa ukuta wa tumbo. Ekografi, yaani ultrasaundi, walinipiga nikitoka kunywa chai ya maziwa na mandazi, wakaandika kwamba hakuna kitu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, maana mtu akila mafuta mfuko wa nyongo hujikamua na kusinyaa, na mawe hayaonekani vizuri. Ekografi ya nyongo hupigwa mtu akiwa hajala kwa saa sita hadi nane. Kama mama alikuwa amekula, irudieni kabla ya kuuza hata mbuzi mmoja.

Daktari wa pili alinikuta na homa. Aliweka vidole chini ya mbavu zangu, akaniambia nivute pumzi, na pumzi ikakatika njiani kwa maumivu. Wanaiita ishara ya Murphy, na maana yake mfuko umevimba. Asubuhi, tumbo tupu, ekografi ikaonyesha mawe manne, kila moja na kivuli chake nyuma, yakihama nilipogeuzwa ubavu. Ukuta wa mfuko ulikuwa milimita tano, na kwa kawaida hauzidi tatu. Mrija mkuu wa nyongo ulikuwa milimita nne, nao kwa kawaida hauzidi kama sita.

Kipimo hicho cha mrija mkifanyie kazi kuliko vyote. Kama wa mama umepanuka, au bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo inayopimwa kwenye damu, iko juu, huenda jiwe limeshuka likakwama ndani yake, na hapo kutoa mfuko peke yake hakutoshi. Atahitaji wenye kifaa kinachopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo ili kulitoa. Kwa hilo ningesafiri, hata kwa kukopa.

Sasa kamera. Mimi ni mwalimu wa biolojia, sikutaka kuamua kwa maneno ya watu, nikatafuta utafiti wenyewe. Mfuko wa nyongo ulitolewa mara ya kwanza na Carl Langenbuch huko Berlin mwaka 1882. Erich Mühe aliutoa kwa selioskopi Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985, wenzake wakamkataa. Daktari Mouret akafanya Lyon, Ufaransa, mwaka 1987, na baada ya hapo dunia nzima ikakimbilia kamera kabla watu hawajailinganisha vizuri na njia nyingine.

Waliokuja kuilinganisha kwa haki ni madaktari wa Sheffield, Uingereza, waliochapisha matokeo mwaka 1996. Wagonjwa 200 waligawanywa kwa kura, wengine kamera, wengine mkato mdogo. Kisha wote wakafungwa bandeji za namna moja, ili mgonjwa na wauguzi wasijue nani kafanyiwa nini. Siku za kulala hospitali hazikutofautiana, wala muda wa kurudi kazini haukutofautiana kwa maana yoyote, na kamera ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi mezani. Niliposoma habari ya zile bandeji nilitulia moyo. Kumbe sehemu ya nafuu tunayoisifia kamera inatokana na matumaini ya mgonjwa na ya wanaomhudumia.

Lakini usinielewe vibaya. Ukilinganisha kamera na ule mkato mrefu wa zamani, kamera inashinda wazi, maumivu machache na nyumbani mapema. Kwa hiyo muulize daktari wenu mkato utakuwa na urefu gani. Watafiti wanaposema mkato mdogo wanamaanisha chini ya sentimita nane. Muulize pia mwenyewe amefanya operesheni ngapi za nyongo. Hatari kubwa, kwa kamera au kwa mkono, ni kukata mrija mkuu ukidhaniwa ni ule mwembamba wa mfuko, na kamera ilipoanza kuenea majeraha hayo yaliongezeka. Ndiyo maana daktari wa upasuaji Strasberg na wenzake, mwaka 1995, walisisitiza kwamba kitu chochote kisikatwe mpaka daktari ameona vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, yaani mrija wake mwembamba na mshipa wake wa damu.

Na kama mfuko wa mama umevimba sasa, msingoje wiki sita ili “upoe”. Utafiti wa Ujerumani na Slovenia wa mwaka 2013, wagonjwa 618, ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 24 tangu wafike hospitali walipata matatizo asilimia 11.8, na waliocheleweshwa 34.4.

Mimi nilitembea kesho yake, siku ya tatu nikarudi nyumbani Nyawera, baada ya wiki nne nikashika chaki. Binamu yangu aliyefanyiwa kamera aliumwa mabega siku mbili kwa sababu ya gesi wanayojaza tumboni, kisha akawa mzima kabisa.

Limau na mafuta, ile tiba ya kienyeji ya kunywa ili mawe yatoke, msimpe. Yale madonge ya kijani yanayotoka chooni ni sabuni iliyotengenezwa tumboni na hayo mafuta yenyewe.

Niandikie hapa kipimo cha ukuta, cha mrija na cha bilirubini, bila jina la mama. Ila akigeuka macho ya njano, au homa ikaja na kutetemeka, usingoje jibu langu, mpelekeni usiku huohuo.