Ngiri karibu na banda la nguruwe

Ndugu yangu, umeuliza kama ngiri wanaosogelea banda lako jioni ni hatari, maana wanaonekana wazima kabisa. Uzima huo usikudanganye. Ngiri na nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua. Nguruwe wetu wa kufugwa wametokana na nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, hawana ustahimilivu huo, na banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hadi leo hauna tiba.

Kumwinda ngiri hakutakusaidia. Anayevusha virusi mara nyingi ni papasi, aina ya kupe aishiye kwenye mashimo ya ngiri na kujificha pia kwenye nyufa za banda. Ziba nyufa kwa saruji, weka uzio wa mara mbili, na waya uufukie chini kwa sababu ngiri ni mchimbaji. Tafadhali sana, usiwape nguruwe wako makombo ya hotelini yasiyochemshwa wala mabaki ya nyama pori.

Wakisusa chakula, wakawa na homa na masikio mekundu, usikimbilie kuuza wala kuchinja. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo.